Roland TR-8S: midundo inayokaa vizuri ndani ya wimbo

Kiki ya TR-808 (mashine ya midundo ya Roland ya miaka ya 1980), yaani ile ngoma nzito ya chini, ikipigwa peke yake kwenye spika nzuri humfanya msikilizaji aamini kwamba wimbo umekwisha kukamilika. Lakini ikiingia gitaa la besi, kinanda na sauti ya mwimbaji, kiki hiyohiyo huweza kuugeuza wimbo mzima kuwa ngurumo isiyo na umbo. Nimeipima Roland TR-8S, mashine ya midundo iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na sauti za TR-808, kwa kigezo hicho kimoja: je, inamsaidia prodyuza kuzikalisha sauti ndani ya miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote za wimbo? Baada ya kuitumia kwa muda mrefu katika studio ndogo ya nyumbani jijini Dar es Salaam, jibu langu ni kwamba inasaidia kwelikweli, na msaada wake mkubwa hupatikana kabla ikwalaiza, yaani kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za chini na za juu, haijaguswa.

Ubora wake wa kwanza huonekana tukiikumbuka mashine iliyozaa sauti hizo. TR-808 ya awali, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, iliipa kiki vidhibiti vitatu tu: ukubwa wa sauti, toni na urefu wa mlio. Noti yake haikubadilishwa, kwa hiyo mlio wa karibu Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ulibaki palepale, wimbo uwe katika ufunguo wowote. TR-8S ina kidhibiti cha noti na cha urefu wa mlio kwa kila moja ya ala zake 11. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa A, mimi huisogeza kiki hadi Hz 55, ambayo ni A ya chini, na mara nyingi mgongano kati ya kiki na besi hupungua papo hapo. Ufunguo ukiwa E, noti hiyo hushuka hadi Hz 41, ambayo spika nyingi ndogo za studio haziwezi kuitoa vizuri, na hapo huichagua B ya karibu Hz 62 ambayo bado inapatana na ufunguo.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kubaki na kidhibiti kimoja tu, ningebaki na kile cha urefu wa mlio. Wimbo wa Bongo Fleva wenye mapigo 90 kwa dakika huacha takriban milisekunde 667 kati ya pigo na pigo, muda unaoitosha kiki ndefu kunguruma na kufifia. Singeli yenye mapigo 240 huacha milisekunde 250 tu. Katika kasi hiyo kiki ndefu haijanyamaza ndipo nyingine inapiga. Mikia yake hulaliana, kompresa ya mwisho wa miksi (kifaa kinachopunguza sauti zinapozidi) hubana bila kupumzika, na sauti ya mwimbaji huzama pamoja na kila pigo. Wengi hukimbilia kuipunguza kiki kwa ikwalaiza na hivyo kuipokonya nguvu, ilhali kilichohitajika ni kuupunguza mkia wake. Kwenye TR-8S kazi hiyo hufanywa kwa vidole viwili huku wimbo wote ukiendelea. Nasisitiza wimbo wote, kwa kuwa urefu unaochaguliwa kiki ikiwa peke yake karibu kila mara huzidi kiasi.

Sifa nyingine ninayoithamini ni kwamba sauti hutoka zikiwa zimetengana. Mbali na njia kuu mbili, kuna matundu 6 ya kutolea sauti, ya kupangia ala upendavyo, na kwa waya wa USB kila ala huingia kwenye kompyuta kwa njia yake. Faida yake huonekana zaidi kwenye hai-hati, yaani mlio wa matoazi madogo. Zile za 808 asili huundwa kwa mawimbi sita yanayolia kwa pamoja, hivyo hujaa sana juu na kushindana na herufi “s” na “sh”, ambazo Kiswahili kinazo kwa wingi. Zikiwa na njia yake, naweza kuzishusha mahali mwimbaji anapoingia na kuzirudisha anapopumua, bila kuigusa sneya (ngoma ya mlio mkali) wala makofi.

Upungufu upo. Kioo chake ni kidogo, na kazi ya kuingiza sampuli zako, yaani sauti ulizorekodi, kwa kadi ya SD inataka uvumilivu. Sampuli hizo zikipangwa juu ya kiki ya mashine bila uangalifu, mawimbi yake huweza kukinzana na besi ikapungua badala ya kuongezeka. Hilo ni jambo la kusikiliza kwa makini, tena kwa mono, yaani sauti ya kushoto na ya kulia zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Mashine pia haina nafasi ya betri, jambo lenye uzito mahali ambapo umeme hukatika. Ndugu yake mdogo TR-6S, aliyetoka mwaka 2020, hutumia betri, lakini ana ala 6 tu na hana yale matundu ya ziada.

Kwa prodyuza anayefanya kazi zote ndani ya kompyuta, TR-6S na waya wa USB vinamtosha. Mwenye meza ya kuchanganyia sauti, au anayepiga mbele ya watu na kumtegemea fundi wa mitambo, aichukue TR-8S, na siku hiyohiyo anunue waya za kutosha matundu yote 8.