Magari Mepesi ya Kijapani Yenye Difu Nyuma: Lipi Ununue Kwanza

Magurudumu ya mbele kazi yake kukata kona, ya nyuma kusukuma, na kwa kuwa gari zima halifiki tani moja, kila unachofanya na mguu wako unakisikia papo hapo kiunoni. Raha hiyo Wajapani waliitengeneza kwa bei ya mtu wa kawaida miaka ya 1970 na 1980, na bado inanunulika.

Mpangilio wangu unatazama bodi kabla ya sifa. Injini iliyochoka hushushwa na kubadilishwa. Bodi iliyoliwa na kutu humeza pesa bila kushiba.

1. Toyota Corolla DX (KE70)

Hili naliweka juu bila kusita. Lilitoka mwaka 1979, na ndicho kizazi cha mwisho cha Corolla ambacho aina zote zilikuwa na difu nyuma. Injini yake ya 4K, sisi (cc) 1290, ina kabureta na haina kompyuta. Fundi mwenye umri wowote wa kuheshimika anaijua kwa mikono. Nguvu ni kidogo, kweli, lakini wepesi unafidia. Uzuri mwingine ni kwamba AE86 maarufu (ya nne hapa chini) ilijengwa juu ya msingi huu huu, hivyo ukitaka shokapu bora au hata injini yake ya 4A-GE, njia imeshachongwa na wengi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huko tafuta lililokwisha sajiliwa. Kukagua kutu, nenda na sumaku ndogo. Ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu: pasiposhika, ujue pamejazwa puti, ule udongo wa kuzibia bati lililoliwa. Inua kapeti za mbele, gusa chini ya betri.

2. Mazda MX-5 (Eunos Roadster), 1989 hadi 1997

Kwa kuendesha tu, hili ndilo bora kuliko yote hapa: kilo 940 hivi kwa yale ya mwanzo, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na giaboksi yenye mkono mfupi unaoingia kwa kidole. Limeshuka nafasi ya pili kwa sababu ni la watu wawili, na Afrika Mashariki si rahisi kulipata. Ndugu mlioko Uingereza, kwenu ni la kwanza.

Kutu yake ina mahali pake. Maji ya paa la turubai hushuka kwenye vitundu vilivyo nyuma ya viti. Vikizibwa na majani, maji hulala ndani ya bodi na kuila mbele ya gurudumu la nyuma. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, kwa nguvu. Kwenye yale ya mwanzo kabisa ya 1.6, kagua pia puli ya kreki: ikiyumba injini ikiwaka, ondoka.

3. Toyota Starlet KP61

Injini ni ileile ya 4K ndani ya kigari kidogo zaidi. Starlet mpya ya 1984 ilihamia difu mbele, kwa hiyo usidanganyike na jina. Likipatikana zima, chukua.

4. Toyota AE86 (Levin na Trueno), 1983 hadi 1987

Nalipenda mno, na bado nasema liwe la mwisho. Injini ya 4A-GE yenye valvu 16 hupanda mizunguko kwa furaha isiyoelezeka, lakini katuni za Kijapani na mashindano ya kuteleza yamepandisha bei kupita thamani ya bati lenyewe, na mengi yameshagongwa ubavuni.

Tena kuna AE85: bodi ni ileile, injini ni sisi 1500 yenye nguvu ndogo, na difu ni nyepesi. Wauzaji huipandikiza 4A-GE na kubandika alama za Levin. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la ndani ya boneti kabla ya kutaja bei. Ikianza na AE85, lipia AE85.