Kisu cha kusawazisha barabara kilichochomelewa mtaani: kinafaa au urembo?

Haya watazamaji, karibuni. Masika ndiyo hiyo imeondoka, barabara ya kuingia shambani imebaki makorongo, na kuita greda kwa kipande kifupi kama hiki mfuko haukubali. Basi leo tunakichambua hiki: kisu cha kufunga nyuma ya trekta, kimechomelewa na fundi wa mtaani.

Sogeza kamera kwenye pini zinazofunga kisu kwenye mikono ya nyuma ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu. Trekta nyingi ndogo na za kati zinatumia pini za chini za milimita 22 na ya juu milimita 19. Zenye nguvu zaidi ni 28 na 25. Fundi huyu kapima kwanza ndipo akatoboa, na hilo nampa alama zote, maana tundu likizidi pini, kifaa kinacheza na tundu linazidi kutanuka kila siku ya kazi.

Sasa kwenye makali. Wengi wanachukua springi ya lori wanaichomelea moja kwa moja. Chuma kile kina kaboni nyingi. Ukikichoma kikiwa baridi kinapasuka kando ya mshono, halafu lawama anabeba fundi. Hapa wamefunga kipande cha kisu chakavu cha greda kwa bolti. Upande mmoja ukiisha, unafungua, unageuza, unaendelea. Kwangu mimi hapa ndipo penye thamani ya kifaa chote.

Twende kazini. Ardhi ina unyevu kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Ikikauka kisu kinaruka juu juu, ikiwa tope unaharibu zaidi. Nakilaza mshazari nyuzi 30, navuta udongo kutoka mtaroni kuja katikati ili barabara ipate mgongo. Lenga mteremko wa sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita, maji yatashuka pembeni yenyewe.

Umeona tairi la kulia? Linakanyaga udongo niliotoka kuusogeza sasa hivi. Kisu kina futi 6, lakini kikilazwa nyuzi 30 kinabaki futi 5 na kidogo, na matairi ya trekta hii yametanuka kuliko hapo. Ningeagiza futi 7. Tena fundi kaweka matundu matatu tu ya kugeuzia, yaani ukitaka mlalo wa katikati huupati.

Uzito nao ni mdogo. Nimefunga mifuko ya kokoto juu, kikauma vizuri. Kisiki usikiguse na kisu hiki. Na ukikivuta kisiki hicho kwa mnyororo, usiufunge kwenye mkono wa juu hata kama ni karibu. Funga chini, kwenye ndoano ya kuvutia tela. Ukivuta kutoka juu ya ekseli, trekta inanyanyuka mbele na kumpindukia dereva.

Cha kwangu ninamrudishia fundi aongeze matundu. Kisu chenyewe nabaki nacho.