SSD ya mfumo kwa seva ya nyumbani: zipi za kununua, zipi za kuacha

Ukitaka seva ya nyumbani kwa bei ya kueleweka, huenda utaishia kwenye kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni mashine nzuri, hazina kelele na umeme zinakula kidogo. Kinachobaki ni SSD ya kuwekea Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kuigizwa ndani ya moja), Debian (aina ya Linux) au mfumo mwingine utakaouchagua. Dukani utaonyeshwa namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi: megabaiti 3,500 kwa sekunde, au 7,000. Naomba uiache namba hiyo pembeni.

Seva huwashwa mara chache. Hata ikiwashwa, sehemu kubwa ya muda huishia kwenye BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) kujikagua, kabla diski haijaguswa. SSD ya SATA (kiunganishi cha zamani cha diski), ambayo mwisho wake ni takriban megabaiti 550 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mzigo halisi wa diski ya mfumo ni maandishi madogo madogo yasiyokoma: logi, takwimu za mashine pepe, hifadhidata ya Home Assistant (ya kuendesha vifaa vya nyumbani), hifadhidata ya Nextcloud (ya kuhifadhi mafaili yako). Nyingi ya programu hizi haziendelei na kazi mpaka diski ithibitishe kwamba data imeshakaa mahali salama.

Diski ya kawaida inapodaiwa uthibitisho huo, lazima kwanza iandike mpaka kwenye chipu zenyewe, na hapo hata ile ya megabaiti 7,000 hupungua kasi vibaya. Diski za seva zina safu ya kapasita ndogo zinazotunza umeme wa kumalizia kazi endapo umeme wa nje utakatika. Kwa kuwa ina akiba hiyo, diski hujibu “tayari” papo hapo, data ikiwa bado kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kwa hiyo kapasita hizo zinakupa usalama na kasi kwa mpigo mmoja. Kwetu Afrika Mashariki, ambako umeme unaweza kukatika katikati ya sasisho la mfumo, mimi nazihesabu kuwa sababu ya kwanza ya kuchagua diski.

Mwenye Proxmox anaweza kujionea mwenyewe: andika `pveperf` kwenye terminali, kisha tazama mstari wa FSYNCS/SECOND. Huo ndio unaokwambia seva itakuwa nyepesi au nzito, na maelezo ya Proxmox yanataka namba hiyo ivuke 200.

Namba ya pili ya kutazama ni TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe ndani ya waranti. Seva yenye ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) na hifadhidata mbili tatu ikiandika gigabaiti 100 kwa siku, kwa mwaka ni terabaiti 36.5. Diski ya TBW 80 inamaliza kiwango chake katika miaka miwili na kidogo. Ya TBW 248 inakaribia miaka 7.

Mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza: Kingston DC1000B. Imetengenezwa mahususi kwa kuwashia seva. Ina kapasita, waranti ya miaka 5, na ile ya gigabaiti 240 ina TBW 248. Kwenye karatasi inaandika kwa megabaiti 290 tu kwa sekunde, na wengi huiruka kwa sababu hiyo. Usiiruke. Ina urefu wa milimita 80, kwa hiyo inaingia kwenye kompyuta ndogo nilizozitaja. Ukiikosa, tafuta Micron 7450 PRO ya gigabaiti 480 yenye urefu huohuo, ila hiyo iwekee kipoza joto. Jihadhari na Samsung PM983 ya M.2 (umbo la diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama): ni diski nzuri sana, lakini ina milimita 110 na haitaenea.

Ya pili: Intel DC S3700 au S3500 iliyotumika. Ni za SATA, inchi 2.5, zilizotoka kwenye vituo vya data, na zote mbili zina kapasita. S3700 ilitengenezwa iweze kuandikwa ujazo wake wote mara 10 kila siku kwa miaka 5. Kwa ile ya gigabaiti 200, hiyo ni terabaiti 3,650. S3500 haifiki huko, lakini nyumbani inatosha. Mwombe muuzaji akuonyeshe matokeo ya `smartctl -a`, amri inayosoma afya ya diski, kabla ya kulipa. Kwenye mstari wa 233, Media_Wearout_Indicator, diski mpya huanza na 100 na kushuka kadiri inavyochakaa. Mimi chini ya 80 sinunui. Saa nyingi za kuwaka zisikutishe. Sekta zilizohamishwa, yaani sehemu zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba, ndizo za kuogopa.

Ya tatu: WD Red SN700 ya gigabaiti 500. Haina kapasita, lakini TBW yake ni 1,000, ambayo kwa diski ya NVMe (aina mpya, yenye kasi kuliko SATA) ya ukubwa huo ni nyingi mno. Inunue pamoja na UPS.

Ya nne: Samsung 870 EVO. Ya gigabaiti 250 ina TBW 150, ya 500 ina 300. Bajeti ikiruhusu chukua ya 500, kwani ukiongeza ujazo unakuwa umenunua na umri. Inafaa kwa mashine isiyo na nafasi ya NVMe, au ya zamani ambayo BIOS yake haiwezi kuwaka kutoka NVMe.

Za kuacha: Kingston A400 na NV2 zifae laptopu ya mwanafunzi. Zote hazina DRAM (kumbukumbu ya haraka ndani ya diski), waranti ni miaka 3, na A400 ya gigabaiti 240 ina TBW 80 tu. Fleshi ya USB usiifikirie hata kidogo kwa Proxmox.

Popote utakaponunua, diski ya terabaiti 4 kwa bei ya nusu terabaiti ni feki. Ijaribu kwa `f3write` na `f3read` ungali na haki ya kurudisha. Programu hizo huijaza diski hadi pomoni, kisha husoma kila kitu upya, na ujazo wa uongo unajitokeza hapo.

Ukishasakinisha Proxmox kwenye seva moja isiyo kwenye kundi, zima huduma za `pve-ha-lrm` na `pve-ha-crm`. Ni za kusimamia mashine pepe kati ya seva kadhaa, kwa hiyo hazina kazi kwako, na zinaandika kwenye diski muda wote. Kisha mara moja kwa mwezi pitia `smartctl`. Kwenye NVMe, mstari wa Percentage Used (asilimia ya umri iliyokwisha kutumika) ukifika 80, anza kutafuta diski nyingine.