Posti za meno: skrubu, silinda na iliyochongoka

Posti, yaani kijiti kinachoingizwa ndani ya mfereji wa mzizi, haiimarishi jino. Kazi yake ni kushikilia kiini (kijazo cha juu ya mzizi) kitakachobeba kofia ya jino pale ambapo sehemu ya juu ya jino imekwisha kuoza. Dentini, tishu ngumu ya ndani ya jino, unayokwangua ili iingie hairudi tena, kwa hiyo posti tunaipima kwanza kwa mkazo inaouachia mzizi, ndipo tutazame inavyoshika.

Skrubu ndiyo inayoshika kuliko zote, na ndiyo tunayoikataa. Hesi zake huuma dentini, na mkazo hukusanyika penye kila hesi hata kabla mgonjwa hajatafuna. Ukiikaza hadi igote, mzizi mwembamba unaweza kupasuka palepale. Anayelazimika kuitumia airudishe nyuma kidogo baada ya kugota.

Silinda hugawa mzigo vizuri katika urefu wa mzizi. Shida yake iko chini: mzizi hukonda kuelekea nchani, drili ya silinda haikondi. Unabaki na ukuta mwembamba na kona kali mahali pamoja, na mkazo hujaa hapo. Posti isiyo na mfuo (njia ya kutokea simenti) ubavuni pia huibana simenti chini, ikashindwa kukaa hadi mwisho.

Iliyochongoka hufuata umbo la mfereji na kuokoa dentini, ila ikiwa ya chuma, kila tafuno huisukuma kama kabari kwenye gogo, na shingo ya jino ndiyo inayoumia.

Chaguo letu ni ya faiba (nyuzi zilizoshikwa kwa rezini), iliyonyooka juu na kuchongoka chini. Ugumu wa dentini dhidi ya kupinda ni takriban gigapaskali (GPa) 18. Titani inakaribia 110, chuma cha pua 200. Faiba iko karibu zaidi na dentini, hivyo hupinda pamoja na mzizi. Ikishindwa, mara nyingi hubanduka tu na kubandikwa upya. Chuma kikishindwa, mzizi unaweza kupasuka wima: kipimo cha fizi kinagota milimita 2 au 3 kuzunguka jino, kisha penye ufa kinadidimia ghafla kwenye njia nyembamba. Jino hilo kwa kawaida hung'olewa.

Hata hivyo, faiba haisamehe uzembe. Acha gutapacha, ule mpira unaoziba mfereji, milimita 4 hadi 5 nchani. Posti isizidi theluthi ya upana wa mzizi, na ibaki dentini ya milimita 1 kila upande. Kuta zenye mabaki ya eujenoli (mafuta ya karafuu ya dawa za kuzibia mfereji) huzuia simenti ya rezini kuganda sawasawa. Zisafishe mpaka gutapacha yote ya ubavuni iishe, suuza kwa maji, kausha kwa vijiti vya karatasi. Usiikate posti kwa koleo, nyuzi zitatawanyika. Tumia drili ya almasi na maji. Na kabla ya yote, pima dentini iliyosimama juu ya ukingo wa kofia: milimita 2 kuzunguka jino. Ikikosekana, kubadilisha umbo la posti hakutafidia.