"Set" ya Waingereza na "piga" yetu

Kijana anayejifunza kutembeza wageni Mji Mkongwe aliniuliza lipi gumu zaidi kwa anayejifunza, "set" ya Kiingereza au "piga" ya Kiswahili. Nikamwambia "piga" ina huruma: nomino inayofuata humaliza kazi. Piga pasi, piga deki, piga mbizi, piga hodi, piga ramli. Hakuna anayeumia hapo.

"Set" haina huruma hiyo. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, iliipa maana zaidi ya 400 kama kitenzi peke yake. Jua likizama nyuma ya majahazi pale Forodhani, "set". Saruji ikishika, meza ikiandaliwa, mfupa uliovunjika ukiungwa, saa ya kuamsha ikitegwa: neno lile lile, wala halibadiliki ukisimulia ya jana. Sisi kila jambo kati ya hayo tumelipa kitenzi chake.

Kama nomino tumeshaichukua zamani, seti ya vikombe vya kahawa, na hiyo haimsumbui mtu.

Anza na jua, nikamwambia, maana wageni wanauliza sana litazama saa ngapi. Ila jibu kwa saa zao. Ukiwaambia kumi na mbili watakuja usiku wa manane.