Uwakili wa mji mdogo au ubunge? Mcheki Lincoln

Ubishi huu hauishi, so tumchukue Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, maana alionja vyote, wakili Springfield, Illinois tangu 1837 halafu mbunge Washington 1847 mpaka 1849.

Hela: mbunge alilipwa dola 8 kwa siku bunge likikaa, unajua kabisa unapata nini, wakati kesi nyingi za ofisini kwake zilimlipa dola 5, 10, 20 hivi. Ila uwakili una zali zake, kampuni ya reli ya Illinois Central ilimgomea bili yake ya uwakili ya dola 5,000 akaishtaki na 1857 akashinda.

Uhakika wa kazi? Ubunge unapigwa chini hapa. Alibana serikali kuhusu vita ya Marekani na Mexico, maana serikali ilidai Mexico ilimwaga damu ya Wamarekani kwenye ardhi ya Marekani, yeye akataka aonyeshwe ni wapi hasa damu hiyo ilimwagika, nyumbani wengi wakanuna, na chama chake cha Whig kile kiti walikuwa wanapokezana, muhula mmoja tu akarudi kwenye makaratasi yake (mengine aliyabeba ndani ya kofia, sitanii).

Familia, kote shida, hata huo uwakili ulimzungusha mahakama za kaunti wiki kibao.

Una watoto na ada? Baki na ofisi. Unasaka jina na una mahali pa kurudi, gombea.