Wat Pho, Bangkok: usitoke ukishamwona Buddha aliyelala

Wengi wetu tunaofuata nguo Bangkok tunaijua Pratunam kuliko mtaa mwingine wowote wa mji ule. Mzigo ukishafungwa na kukabidhiwa kwa wakala, siku inayobaki huishia kulala hotelini. Safari hii siku hiyo niliipeleka Wat Pho, hekalu la Wabuddha lililo jirani na Kasri Kuu la wafalme, na kwangu ndiyo iliyokuwa siku bora ya safari nzima.

Kufika si kazi. Panda treni ya chini ya ardhi, shuka Sanam Chai, kituo kilichofunguliwa 2019, kisha tembea dakika chache. Nje ya ukuta huenda akakujia mtu mwenye maneno matamu akuambie hekalu limefungwa leo, ila ana bajaji, atakuzungusha kwingine kwa bei ya bure. Mpite, nenda hadi dirisha la tikiti ujionee mwenyewe. Watu wa namna hiyo huwapeleka wageni kwenye maduka ya vito na suti. Hekalu hufunguliwa kila siku saa mbili asubuhi, na mimi nililipa baht 300, yaani fedha ya Thailand.

Mabega na magoti lazima yafunikwe. Nilivaa dera na mtandio, hakuna aliyeniuliza neno. Viatu vinavuliwa mlangoni, hivyo vaa vya kuchomoa haraka. Mimi ni Mwislamu, na niliingia na wasiwasi kwamba huenda nikatakiwa kuinama au kuchoma ubani. Hakuna anayekutaka ufanye lolote. Ukikaa chini, kunja miguu nyuma, nyayo zisielekee sanamu. Na sisi wanawake hatumgusi mtawa.

Buddha mwenyewe, yaani sanamu yake akiwa amelala, ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, amepakwa dhahabu, na jengo limembana hata huwezi kumwona mzima. Unampata kwa vipande katikati ya nguzo: uso, kiwiko, halafu unatembea na kutembea mpaka miguuni. Nyayo ndizo zilizonishika. Zimetiwa nakshi ya magamba ya chaza, alama 108 za heri, kila moja ndani ya kisanduku chake. Upande wa mgongo kuna bakuli 108 za shaba, watu wanadondosha sarafu moja moja, na mlio wake unajaza jengo zima. Wageni ni wengi na foleni inasukumana. Iliniuma kuona watu wakipiga picha mbele ya nyuso za wanaosali. Ile ni nyumba ya ibada, jamani.

Sasa, wengi wakitoka hapo huenda zao. Usifanye hivyo. Vuka uende kwenye nyua za ndani, utafute mabamba ya mawe yaliyochongwa maandishi. Mfalme Rama wa Tatu, katika miaka ya 1830, aliagiza elimu ya nchi yake iandikwe humo: dawa, mashairi, ukandaji, ili mtu yeyote aisome. Yamebaki zaidi ya 1,400, na UNESCO imeyaingiza katika kumbukumbu za dunia. Kuna michoro ya mwili wa binadamu yenye mistari na vituo vya kubonyeza, na nje kuna sanamu ndogo za wahenga wakijinyoosha viungo. Nilisimama hapo muda mrefu. Kwetu Tanga elimu ya kukanda mzazi imo mikononi mwa wakunga na mabibi, na bibi akifa huondoka na sehemu yake. Nilitamani sana na yetu ingekuwa imeandikwa mahali.

Elimu ile bado inafanya kazi. Tangu 1955 hekalu lina shule ya masaji, na ukandaji huo wa Kithai uliingia orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2019. Niliomba mkandaji mwanamke, nikapewa. Hakuna mafuta, unavaa nguo pana na kulala juu ya godoro; anatumia dole gumba, kiwiko, hata goti. Kuna mahali panauma kweli, mwambie apunguze. Mgongo wangu, uliochoka kwa kubeba marobota, ulilegea kabisa.

Ushauri wangu: fika saa mbili kamili, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu. Mwone Buddha kwanza, kisha kajiandikishe masaji, na uzunguke nyua huku ukisubiri zamu yako.